Giza Hilo Si Kosa la Kamera

Mtu akikuambia kwamba Vuta N'kuvute ina giza mno, muulize kwanza aliitazama saa ngapi na dirisha lake liko upande gani. Filamu hiyo ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950: vichochoro, taa hafifu, mvua, watu wanaonong'ona kwa sababu nje kuna askari wa mkoloni na ng'ambo ya ukuta kuna majirani wenye masikio. Yasmin ametoroka ndoa asiyoitaka, Denge anaandamwa kwa siasa zake, na mapenzi yao yanaishi kivulini. Ukiifungua saa tisa alasiri ya Jumapili, pazia jepesi na jua la Nairobi limegonga ukuta wa mkabala, utaona sura yako kwenye kioo na vivuli viwili vinavyosogea nyuma yake. Hapo ni rahisi kusema mpiga picha hakujua kazi.

Alijua sana. Kumbi za sinema hutumia mwanga mdogo kuliko watu wanavyodhani: kiwango chao ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba ya skrini, ilhali runinga ya kawaida ya sebuleni hutoa 250 au zaidi. Mwanga unao, tena mara tano ya ule wa sinema. Kinachoua picha ni chumba kushindana nao. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo filamu ya aina hii ianze saa moja usiku, taa ya dari ikiwa imezimwa. Kama giza totoro linakuchosha macho, weka taa ndogo nyuma ya runinga imulike ukuta, isimulike kioo.

Umbali nao una kazi. Zidisha urefu wa mshazari wa skrini, kutoka pembe hadi pembe, kwa 1.6: inchi 32 ni kukaa mita 1.3, inchi 43 ni mita 1.75 hivi, inchi 55 ni mita 2.2. Nyumba nyingi hufanya kinyume, inchi 32 imetundikwa juu karibu na dari na kochi liko mita tatu, kisha watu wanakaza macho. Kwenye bedsita mambo ni mepesi, kitanda na runinga vimeshakaribiana. Kinachobaki ni kuishusha mpaka katikati ya skrini ilingane na macho yako ukiwa umeketi.

Runinga ikitoka dukani Luthuli Avenue mara nyingi huwa kwenye hali ya "Vivid" au "Dynamic". Hali hiyo ni ya kushindana na runinga nyingine kumi zilizowashwa ukutani mchana. Nenda kwenye mipangilio ya picha, chagua "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". Picha itaonekana kama imeingia umanjano kidogo. Ivumilie jioni mbili. Weupe ule uko karibu na kelvini 6,500, kipimo ambacho wanaosawazisha rangi za filamu hukitumia, na ule wa bluu uliouzoea ndio uliopotoka. Zima pia kipengele cha kuokoa umeme, kwa sababu katika runinga nyingi hupunguza mwanga wa skrini, nawe unauhitaji hasa tukio likiingia giza. Ukali wa picha, "Sharpness", ushushe mpaka mistari myeupe inayozunguka nywele na kola za mashati ipotee.

Kisha weusi. Katika runinga nyingi kitufe kiitwacho "Brightness" hakihusiki na wingi wa mwanga; kinaamua weusi uanzie wapi. Mwanga wenyewe uko kwenye "Backlight". Simamisha filamu penye mtu mwenye nywele nyeusi usiku, ukiwa na ile mikanda myeusi juu na chini ya picha. Pandisha "Brightness" mpaka mikanda igeuke kijivu, kisha irudishe polepole mpaka iwe nyeusi tena, na usimame hapohapo. Ukizidisha hatua tano, koti na ukuta vinakuwa kitu kimoja.

Kama unatumia laptopu na waya wa HDMI, kuna mtego mwingine unaolaumiwa kwa filamu. Kompyuta inaweza kutuma ngazi za mwanga kuanzia 0 hadi 255, na runinga ikawa inatarajia 16 hadi 235. Basi kila kilicho chini ya 16 kinamezwa kuwa weusi mtupu, na Vuta N'kuvute inapoteza nusu ya vichochoro vyake. Ikiwa kinyume, kompyuta imetuma 16 na runinga inasubiri 0, picha nzima inaonekana kama imefunikwa na moshi. Tafuta "HDMI Black Level" kwenye runinga, au kipimo cha "Full" na "Limited" kwenye mipangilio ya kadi ya picha ya kompyuta, uvifanye vilingane.

Ukishafanya hayo, filamu yenyewe ni nzuri kiasi gani? Picha zake ni miongoni mwa bora zilizowahi kutolewa kwa Kiswahili, na Siti Amina akiwa Mwajuma anaijaza kila sehemu anayoingia. Siasa ndiyo imebanwa. Riwaya ina kurasa za kutosha kumkuza Denge na wenzake hadi uelewe wanapigania nini na kwa gharama gani. Dakika 92 hazitoshi, na mtu asiyekijua kitabu atamwona Denge kama kijana jasiri tu. Hata hivyo afadhali filamu inayokuacha ukikitafuta kitabu.

Halafu kuna ile hali inayoifanya filamu kubwa ionekane kama igizo la jioni lililorekodiwa studio. Filamu nyingi hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga ya hertz 60, yaani inayochora picha mara 60 kwa sekunde, haiwezi kuzigawa sawasawa, kwa hiyo fremu moja huonyeshwa mara 3 na inayofuata mara 2, na kamera ikigeuka polepole unaona mtikisiko mdogo. Ili kuuficha, watengenezaji waliweka mtambo unaobuni fremu za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga. LG huuita TruMotion, Sony Motionflow, na Samsung huuweka chini ya Auto Motion Plus au Picture Clarity. Uzime kabisa. Mkono ukipita haraka mbele ya uso, mtambo hukosea na kuacha utando kuzunguka vidole. Mwendo wa mtu unakuwa laini kama anateleza kwenye barafu. Mpira ni shauri lingine, ukiupenda hivyo uache hivyo. Runinga za bei nafuu za inchi 32 mara nyingi hazina mtambo huu, na kwa filamu hiyo ni heri yake.

Sasa sauti, na hapa ndipo filamu zetu huonewa zaidi.

Chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kazi ya kwanza ndefu ya David "Tosh" Gitonga. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu za mapigano kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakuja mjini kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ileile anayofika, na usiku huohuo yuko seli. Nusu saa ile ya mwanzo naiweka juu ya nusu saa nyingine yoyote ya filamu ya Kenya. Mji unasikika kabla haujaonekana vizuri: makanga, honi, wachuuzi, na Kiswahili, Kikuyu na Sheng vikipishana katika sentensi moja. Olwenya Maina akiwa Oti anazungumza kwa sauti ya chini makusudi, kwa sababu mtu anayeogopwa hana haja ya kupiga kelele. Kwenye spika za runinga zinazotazama sakafu, maneno yake yanakuwa mngurumo.

Kiswahili kina udhaifu wake hapa. Tofauti ya "atarudi" na "hatarudi" ni pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo inayobeba kukana kote. Herufi kama h, s, f, t na k hukaa kwenye sauti nyembamba, kuanzia takriban hertz 2,000 kwenda juu, na hizo ndizo za kwanza kupotea sauti ikigonga vigae na kuta tupu za saruji. Mtazamaji anasikia mtu akizungumza, anajua ni Kiswahili, na bado amekosa kama jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Kisha anasema filamu za Kenya zina sauti mbaya. Zingine zinayo kweli, hasa zilizorekodiwa kwa maiki ya kamera peke yake. Nairobi Half Life haimo humo.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mkia wa sauti unaolia baada ya kofi, chumba ndicho kinachokula maneno. Zulia mbele ya runinga, pazia zito, kochi la kitambaa, rafu ya vitabu, hata blanketi nene lililotundikwa ukuta wa nyuma, vyote husaidia kuliko kununua spika mpya. Kama spika za runinga ziko mgongoni, isogeze mbele sentimita 10 au 15 kutoka ukutani.

Chanzo cha pili kimejificha kwenye menyu. Filamu nyingi huja na sauti ya njia sita, ile inayoandikwa 5.1, na mazungumzo karibu yote yamewekwa kwenye njia ya katikati. Runinga yenye spika mbili inabidi iiyeyushe njia hiyo ndani ya hizo mbili, na kwa kawaida huipunguza desibeli 3 inapofanya hivyo, huku muziki na milipuko vikiingia pamoja nayo. Matokeo unayajua: unapandisha sauti kusikia mnong'ono, bunduki ikilia unairukia rimoti. Kwenye programu unayotazamia, chagua sauti ya "Stereo" au 2.0 badala ya 5.1 kama ipo, kisha kwenye mipangilio ya sauti ya runinga weka "PCM", yaani sauti isiyobanwa. Kuna hali ya usiku katika runinga nyingi, inayopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Itumie bila aibu kama watoto wamelala. Hali za "Surround" za bandia zizime zote, zinatawanya mazungumzo.

Wufa ya spika tatu ni nzuri ikipangwa. Kosa la kawaida ni kuweka spika zote mbili ndogo juu ya wufa, upande mmoja. Ziweke kulia na kushoto kwa runinga, usawa wa masikio, zikikuelekea. Wufa yenyewe iondoe kwenye kona, kwa sababu kona huongeza besi na besi hufunika maneno. Kitufe cha besi kiishie theluthi. Kwenye ghorofa ya kupanga, mkeka uliokunjwa mara mbili chini ya wufa utapunguza mtetemo unaoshuka kwa jirani wa chini. Unganisha kwa waya. Bluutuuthi huweza kuchelewesha sauti kiasi cha milisekunde 100 hadi 200, na mdomo wa mtu unatangulia maneno yake. Kwenye VLC, programu ya kompyuta ya kuchezea video, vitufe J na K husogeza sauti milisekunde 50 kila ukibonyeza, ikiwa huna njia nyingine.

Wale wa flashi wana mikosi yao. Picha ipo na sauti hakuna: karibu daima faili ina sauti ya DTS, mfumo mmoja wa kubana sauti, na Samsung waliacha kuisoma kwenye runinga zao tangu mwaka 2018, wengine wakafuata baadaye. Sauti ipo na picha hakuna: faili ni ya HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, na runinga ni ya zamani. Faili inagoma kunakiliwa ingawa flashi ina nafasi: flashi imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, iumbize upya kwa exFAT, au NTFS kama runinga haiisomi exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo. Na filamu ya Kenya ukitiliwa kwenye flashi dukani kwa shilingi chache, walioitengeneza hawapati hata senti. Hilo linaniuma, kwa sababu ni watu wachache na fedha zao ni chache.

Manukuu yanahitaji faili yenye jina lilelile la filamu, folda ileile, na mwisho wa .srt. Yakichelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, G na H kwenye VLC zinatosha. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana, kasi ndiyo imetofautiana: manukuu yalipimwa kwa fremu 25 na filamu inakwenda kwa 23.976. Katika filamu ya dakika 92 tofauti hiyo inafika karibu dakika 4 mwishoni, na hakuna kusogeza kutakakoponya. Badilisha kasi ya manukuu kwenye VLC, au tafuta faili nyingine.

Kuhusu bando, Netflix wenyewe hukadiria hadi gigabaiti 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, 3 kwa HD na 7 kwa 4K. Runinga nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa 768, kwa hiyo kulipia 4K, yenye nukta nyingi kuliko hizo, ni kumwaga pesa. Ila usishuke mno. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ni mfano mzuri wa kinachopotea. Dakika 21 tu, inaisha kabla ugali haujaiva, na dunia yake ni ya watu wanaoishi chini ya paa baada ya vita vya maji, nje ni jangwa. Anga na mchanga vina rangi zinazobadilika taratibu mno. Data ikibanwa, mabadiliko hayo yanageuka ngazi, mistari mipana kama ramani ya mwinuko, na upweke wa Asha akitembea na mche wake unakatwa vipande. Hadithi yake ni nyepesi, naikubali hivyo. Nguvu yake iko kwenye macho.

Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2016, inaharibika kwa njia tofauti. Hii haina giza. Kaleche anazinduka nyikani mchana, hakumbuki lolote, anaikuta nyumba ya wageni yenye watu wanaomweleza kwamba amekufa, na wao pia. Mwanga ni mkali, nyasi kavu, kuta nyeupe. Baadhi ya wahusika wanaanza kugeuka weupe, hatia waliyokuja nayo ikiwatokea ngozini. Kwenye hali ya "Vivid" weupe huo unaungua wote sawa, huoni unga wala mipasuko ya ngozi, na wazo kubwa la filamu linabaki kuonekana kama kosa la rangi. Shusha "Contrast" mpaka mawingu yawe na umbo tena. Filamu ina dakika 75 na haikuelezei sana. Wanaotaka majibu watalalamika. Nyokabi Gethaiga anaibeba kwa utulivu ambao waigizaji wengi wetu, waliozoea vichekesho vya runinga, huuogopa. Sehemu ninayoiona dhaifu ni kikundi kile cha wakazi kinapocheza na kutaniana. Inajaribu kukufanya uwapende kwa haraka.

Ukimwonyesha mtu asiyependa filamu za Kenya moja tu, mwonyeshe Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ana miaka tisa, amerudishwa kijijini kutoka hospitali kwa sababu hakuna tiba iliyobaki, na anaota kuwa shujaa wa kwenye filamu. Kijiji kinaungana kumtengenezea filamu yake. Stycie Waweru hadai huruma hata mara moja, na Maryanne Nungo, mama yake, anauchukua mzigo wote wa kulia kwa kutolia. Wanakijiji wachache wamechezwa kwa vichekesho vilivyozidi, na unaweza kuwasamehe.

Filamu hii inakijua kibanda cha video, kile cha mabenchi na runinga moja, ambako jamaa mwenye maiki huwafasiria watu kinachoendelea. Kwa hiyo inatukumbusha sanaa nyingine ambayo wasomi wa filamu huipuuza: muvi zilizotiwa sauti ya msimulizi. DJ Afro hapa kwetu, Lufufu wa Tanzania enzi zake, na wasimulizi wa Uganda waitwao VJ wamewafundisha watu wengi kutazama kuliko ukumbi wowote wa sinema wa mjini. DJ Afro ni msimulizi hodari. Anawapa wahusika majina, anawakejeli, anatabiri ngumi kabla haijatua. Lakini sauti yake inalazwa juu ya ile ya asili, nayo ya asili inashushwa, kwa hiyo muziki na ukimya vinakufa. Filamu ya mapigano ya Hong Kong au India inastahimili, hata inanoga. Kati Kati isingestahimili dakika tano.

Supa Modo ina dakika 74, inafaa jioni ya katikati ya wiki hata kwa anayedamka saa kumi na moja kuwahi matatu. Kabla ya kubonyeza cheza, ingia kwenye mipangilio ya akaunti uzime kucheza kinachofuata chenyewe. La sivyo, picha ya mwisho ikififia na majina yakianza kupanda, skrini itajikunja kuwa kisanduku kidogo pembeni na tangazo la filamu nyingine litaanza kwa kelele, huku nyie chumbani bado hamjapanguza macho.